Mashine Hii Haiuzwi

Mama Mashine alikuwa na sauti iliyozoea kushindana na injini ya dizeli. Hata msibani, watu wanaponong'ona, yeye alisema kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alikuwa mfupi, mikono imejaa, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa na madoa ya mafuta ambayo sabuni ilishayakatia tamaa. Jina alilopewa na wazazi wake sikuwahi kulisikia likitamkwa, ingawa cherehani yangu ilikaa barazani, ikitazamana na banda lake, kwa miaka mingi.

Katika banda hilo kulikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Matanga yalipokwisha, ndugu wa mume walikaa kikao wakaona injini si kazi ya mwanamke, afadhali waichukue wao waitunze. Mjane hakulia wala hakubishana. Aliwaambia waichukue, ila mmoja wao aiwashe kwanza. Waliingia bandani wakiwa wamevaa mashati ya msibani, wakazungusha hendeli kwa zamu mpaka mashati yakawaganda mgongoni. Shemeji mdogo ndiye aliyekaribia kufaulu. Hendeli ilimrudia ikamtegua kifundo cha mkono. Basi mjane akajifunga khanga kiunoni, akainua kishikio kidogo kilicho juu ya injini, kile kinachoilegeza, akazungusha, akakiachia. Injini ikapiga chafya, ikanguruma. Wakaondoka wakiwa wameziba masikio. Mkono wa shemeji mdogo ulipona baada ya muda, lakini kinyongo kilibaki.

Tangu siku hiyo akawa Mama Mashine, na banda lile likawa moyo wa mji wetu. Wakulima walileta magunia kutoka vijijini, wakasubiri zamu, wakarudi na madumu ya mafuta. Na mkulima anayesubiri zamu ni mteja wa kila mtu. Alikunywa chai kwa mama wa mgahawa. Alinipa suruali niitie kiraka, au akaona afadhali nimpime mpya. Fundi wa kuchomelea, jirani yangu wa kulia, alikuwa na kazi kila mara, maana ile skrubu ndefu inayosaga mbegu hulika meno na lazima ijazwe chuma upya. Na makapi yanayobaki baada ya mafuta kutoka, yale tunayoyaita mashudu, yalikwenda kwa mama wa kuku, aliyefuga kuku wengi hata nyumba yake ikawa haina kona isiyotagiwa. Hatukuwahi kukaa tukafikiri kwamba sote tunakula kutoka kwenye alizeti. Nani anafikiria hewa anayovuta?

Kisha akaja Bwana Mizani. Tulimpa jina hilo kwa sababu mizani yake ilikuwa kubwa na mpya, inang'aa, na aliifuta kwa kitambaa kila baada ya gunia. Alikodi ghala lililokuwa tupu karibu na soko, akaleta malori, akatangaza kwamba ananunua mbegu zote, hapohapo, bila foleni na bila kelele. Bei yake ilikuwa nzuri. Sitasema uongo, ilikuwa nzuri sana, na mwanzoni hata mimi nilimsifu, maana watu walikuja kushona nguo kwa furaha. Shemeji mdogo wa Mama Mashine akawa mkono wake wa kulia: anazunguka vijijini, anasifia mizani, anaelekeza malori kwenye mashamba yenye mavuno.

Msimu ule banda lilinyamaza. Tulidhani ni jambo la Mama Mashine peke yake, tukamwonea huruma kwa mbali kama watu wafanyavyo. Lakini mkulima akishauza alikuwa hana sababu ya kukaa mjini; alirudi kwake juani vilevile alivyokuja. Mama wa mgahawa akaanza kuchemsha birika dogo, kisha hakuchemsha kabisa, akafunga akaenda kwa wanawe. Fundi wa kuchomelea alikaa mlangoni akichonga vijiti. Mama wa kuku alinunua chakula cha kuku cha dukani kwa muda, kikamshinda, akauza kuku wake akiwa amewapa kisogo ili asiwaone wakibebwa. Na mafuta tukayanunua dukani, yamerudi kutoka mbali ndani ya chupa yenye picha ya ua la alizeti. Mama Mashine aliwahi kuishika chupa moja mbele yangu akaigeuzageuza.

"Hili ua nalijua," alisema. "Limepandwa pale nyuma ya shule."

Msimu uliofuata, Bwana Mizani alishusha bei. Alikuwa mnunuzi pekee, na magunia yalikuwa yamejaa majumbani, wangempelekea nani? Akaanza pia kukataa mizigo: hii ina unyevu, hii mbegu zake ndogo. Wiki hizohizo akaja bandani kwa Mama Mashine, akifuatana na shemeji.

Niliwaona wakikaribishwa, wakapewa chai kwenye viti viwili vya plastiki, na kwa kuwa mwenyeji wao hakujua kusema kwa sauti ya chini, nao wakalazimika kupaza zao, nilisikia yote. Bwana Mizani alikuwa mpole. Alisema inasikitisha kuona mtambo mzuri ukishika kutu. Alikuwa tayari kuununua kwa bei ya mtambo mpya na kuusafirisha kwa gharama yake, na mama apumzike, kwani amefanya kazi ya kutosha.

"Mashine hii haiuzwi," alisema Mama Mashine.

Shemeji alicheka kidogo, akasema labda shemeji yake hajaisikia bei vizuri.

"Nimesikia, shemeji. Bei ya mashine mpya kwa mashine kuukuu. Anayelipa hivyo hanunui mashine. Ananunua kimya."

Bwana Mizani aliuliza, bila ukali, alizeti ya kukamua ataitoa wapi.

"Hilo ni langu," akajibu. "Lako ni hiyo chai, inapoa."

Kesho yake Mama Mashine alikwenda kusimama nje ya ghala la mizani. Hakusema na mnunuzi. Alisubiri tu. Mzee mmoja na mkewe walipotoka na mkokoteni wao, magunia yamekataliwa kwa unyevu, aliwaambia wayaache kwake. Atayakausha, atayakamua, wachukue mafuta yao, naye ujira wake utakuwa mashudu. Hawakuwa na la kupoteza. Mchana ule alitandika maturubai mbele ya banda mpaka karibu na miguu ya cherehani yangu, akamwaga mbegu, akawa anazigeuza kwa nyayo akitembea huku na huku. Mama wa kuku alipopita akasimama kutazama, kisha akavua viatu akaanza kugeuza upande wa pili bila kuombwa.

Mashine nayo iligoma mara ya kwanza. Panya walikuwa wameula mkanda na skrubu ilikuwa imeshika kutu. Fundi wa kuchomelea aliifungua, akaikwangua, akaijaza meno mapya, na alipoulizwa ujira wake alisema wataongea mambo hayo mashine ikishawaka. Ilipowaka, moshi mweusi ulijaa barabara nzima na sote tukakohoa, na nilimwona fundi akifuta macho muda mrefu kuliko moshi ulivyohitaji.

Habari zilimfikia Bwana Mizani. Aliwaita wakulima ghalani, akawaeleza kwa upole wake uleule kwamba yeye anahitaji wauzaji wa kuaminika. Anayependa kukamua pembeni ana uhuru wake, lakini mzigo wake uliobaki asiulete kwenye mizani. Watu walitazama viatu vyao. Mama Mashine alikuwa amesimama nyuma, mlangoni, na aliposema hakuna aliyehitaji kugeuka ili kumsikia.

"Mimi shamba langu ni dogo, lakini nina macho," alisema. "Alizeti ikiondoka hapa ikiwa mbegu, inaondoka na kuku wa huyu mama. Inaondoka na moto wa kuchomelea, na cherehani, na ule mgahawa uliofungwa. Ninyi mnalipwa mbegu tu. Hayo mengine yote mnayatoa bure."

Bwana Mizani alimshukuru kwa maoni yake.

"Sijamaliza. Anayetaka kumuuzia huyu bwana amuuzie, sina ugomvi naye, ana watoto wa kusomesha. Lakini mimi kesho nawasha. Hata kama nina gunia langu moja tu, nawasha."

Hakuna aliyepiga makofi. Walitoka mmojammoja, na wengi walipita mbali naye kama walioogopa ataomba kitu.

Kesho yake aliwasha. Alikuwa na gunia lake moja kweli, la kutoka shambani kwake, na alilimimina kidogokidogo, konzi kwa konzi, ili mlio udumu. Watu waliobeba magunia kwenda ghalani walipita wakitazama upande wa pili wa barabara. Siku iliyofuata hakuwa na mbegu hata punje, akawasha injini bila kazi, ikanguruma tupu. Nilimwendea nikamwambia anachoma dizeli bure. Akasema bure ni kukaa. Binti yake anayeishi mji mwingine alimpigia simu, kwa kuwa mtu alikuwa amempasha habari kwamba mama yake amerukwa na akili. Nilimsikia Mama Mashine akimjibu kwa kupayuka kwamba hasikii, mashine inafanya kazi, atampigia.

Aliyekuja wa kwanza ndiye ambaye hakuna mtu angemtaja. Ilikuwa adhuhuri, barabara imejaa watu. Shemeji mdogo alitokea upande wa ghala akisukuma mkokoteni, uso umeiva kwa jua na kwa mengine. Alikuwa amepeleka mavuno yake mwenyewe kwenye mizani aliyoisifia vijiji vyote, na kijana wa ghala, bila hata kumtazama usoni, akamwambia mbegu ndogo. Alipotaka kumwona mkubwa, akaambiwa mkubwa ana wageni.

Alisimamisha mkokoteni mbele ya banda. Tuliokuwa barazani tulijifanya tuna kazi.

"Shemeji, nina mzigo," alisema.

"Shika foleni," alisema Mama Mashine.

Alitazama kulia na kushoto. Hapakuwa na mwenye gunia mwingine. "Foleni iko wapi?"

"Inaanzia kwako."

Akakaa juu ya gunia lake. Mama Mashine alimalizia chai yake taratibu, akasuuza kikombe, akakianika, akafunga kitambaa chake cha kichwa upya. Ndipo akalibeba gunia la kwanza yeye mwenyewe, akalimimina. Mafuta yalipoanza kuchuruzika, shemeji alichovya kidole akalamba, akachovya tena. Hakuombwa radhi wala hakuomba, ila jioni alibaki kufagia mashudu, na alifagia vizuri.

Ikawa kama mlango umefunguliwa. Watu walijiambia kwamba ikiwa hata yule amekwenda, wao wanaogopa nini. Wakaja kwanza wenye mizigo iliyokataliwa, kisha wenye mizigo mizuri waliogawa nusu kwa nusu: hii ya mizani, hii ya mashine. Bwana Mizani hakuweza kuwakataa wote, malori yake yangerudi matupu. Wiki chache baadaye alikuwa akinunua kwa walewale aliosema hatanunua kwao, na lile tangazo lake hakulitaja tena. Bei ikapanda, haikufika ilipokuwa mwanzo, lakini ilipanda, kwa sababu sasa mkulima aliweza kuliinua gunia lake akaondoka.

Si kila kitu kilirudi. Mama wa mgahawa alikuwa ameshazoea kwa wanawe, na chumba chake mpaka leo kina kufuli. Mama wa kuku ana kuku tena, ila amejifunza kutowafuga wengi hivyo. Mimi nina wateja wa kunitosha na kelele ya kunizidi. Ofisa mmoja mgeni wa wilaya aliyepanga nyuma ya banda alikwenda kulalamika kwamba hapati utulivu, na Mama Mashine akamwambia mshahara wake unatoka kwenye ushuru wa haya magunia, kwa hiyo asikilize vizuri, huo ndio mlio wake. Shemeji ndiye anayechuja mafuta siku hizi. Analalamika kila siku na haachi kazi.

Mwaka jana Bwana Mizani alimtuma mtu mwingine, kijana nadhifu, shati limenyooshwa, aje aulizie tena ile mashine. Alikuja wakati wa kazi. Alijitambulisha, akaanza kueleza bei mpya, na Mama Mashine, aliyekuwa ameinama juu ya gunia lililomshinda uzito, alimpungia mkono asogee karibu ili amsikie. Kijana akasogea.

"Shika huko," alimwambia.

Akashika. Wakalinyanyua pamoja, wakalimimina, vumbi la maganda likamjaa shatini. Alipotaka kuendelea na maneno yake, Mama Mashine alikuwa tayari ameshika masikio ya gunia la pili, anamsubiri.