Alama Tisa kwa Mabaki

Nilikuja Kampala kutoka Kenya kutafuta kazi, na kazi niliyoipata ilinivimbisha kichwa. Nilipewa kukagua kama kampuni inayoshona makoti ya wapanda milima inatunza mazingira kweli, au ni maneno ya kwenye lebo tu. Nilikuwa na fomu ndefu na kalamu nyekundu. Maji, umeme, ile dawa inayopakwa kitambaani ili mvua isipenye, vyote nilivipa alama kwa ukali. Meneja wa karakana aliniogopa, nami sikuchukia kuogopwa.

Kitu kimoja tu kilinifurahisha: mabaki ya vitambaa. Hayakutupwa. Kila Jumamosi yalijazwa kwenye magunia na kupelekwa kwenye kambi ya kilima cha Naguru, kwa wake wa askari polisi. Nilimuuliza meneja wanayafanyia nini, akasema wanayatumia yote, hakibaki hata kipande. Mengine nikajiongezea mwenyewe. Kwetu mama yangu alijaza mito kwa mabaki ya fundi, basi nikaona na hawa wanashona mito. Nikaandika tisa juu ya kumi.

Kabla ya kupeleka ripoti nilitaka picha ya hiyo mito, nikapanda Naguru asubuhi moja yenye manyunyu. Mke wa koplo mmoja, mtu wa kaskazini, alinikaribisha verandani kwake, mtoto mchanga mgongoni. Nikamwomba anionyeshe mto. Alinitazama kana kwamba nimeomba kuonyeshwa tembo. Kisha akaniambia nikae nisubiri chai, akavuta gunia, akachomoa vipande vitatu vya buluu, akavisokomeza chini ya makaa ya sigiri na kuwasha kiberiti.

Moto uliruka. Moshi mweusi wenye harufu ya plastiki ulitanda pale tulipokaa, na mtoto akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima. Nikatazama nje. Veranda baada ya veranda, sigiri zilikuwa zinafuka moshi uleule.

"Hii kitambaa yenu ni muzuri," akaniambia kwa furaha. "Inashika moto mbio, hata kama mvua iko. Hata mifuko ya kaveera imeshindwa."

Dawa niliyoikagua karakanani nimevaa glavu na barakoa, mtoto huyu alikuwa anaivuta kila asubuhi, nami nimeyasifu mabaki hayo kwa maandishi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi ndiye niliyelipwa kuuliza! Nilimweleza habari ya sumu, nikamweleza na ile tisa yangu. Alinisikiliza kwa adabu huku akipepea makaa. Niliona haya, nikashuka kilima bila kuionja chai yake.

Jumatatu nilifuta tisa nikaandika sifuri, nikadai magunia yasimamishwe. Meneja hakubisha, akawatumia wake wa askari habari hiyo. Nilijiona mtu wa haki kabisa, na Jumamosi iliyofuata nikapanda tena Naguru, moyoni nikingoja shukrani.

Nilimkuta yule mama amepiga magoti mbele ya sigiri. Alikuwa anawasha makaa kwa kaveera, ile mifuko ya plastiki ya dukani, pamoja na kipande cha kandambili kuukuu. Makaa yalikuwa na unyevu, yanakataa kushika, na macho yake yalitiririka machozi. Mtoto alikuwa mgongoni vilevile, akikohoa vilevile. Katika wiki nzima ya kujipongeza, sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba bila vile vipande bado atahitaji kuwasha moto apike.

Alijua ni mimi, ila hakugeuka.

"Dada," akasema polepole, "ile siku uliandika tisa, hukuniuliza. Sasa umefuta, bado hukuniuliza."

Nilimwomba anipe mtoto nimtoe kwenye moshi, naye akafungua kanga, akanipa.