Mulija Yenye Verdiane Alirudisha

Asubuhi ya mwisho mimi nilikamua ngombe, Verdiane akatikisa kibuyu cha siagi. Ilikuwa ukungu. Huku juu ya Ngungu ukungu inakawia, na muntu anasikia jirani yake mbele ya kumuona. Semana akapita na ngombe zake. Semana ni ndugu mudogo wa Verdiane. Iko na mvi, lakini kwa dada yake alibakia mutoto. Alipokea maziwa, akakunywa akiwa wima ku mulango.

"Ikaa chini," Verdiane akamwambia. "Muntu anakunywa maziwa wima, watu watasema wanamufukuza."

"Ngombe inaniacha, dada."

"Ngombe inajua njia kukupita wewe. Ikaa."

Akaikaa. Akamaliza maziwa, akarudisha chombo kwa mikono mbili, akaenda.

Verdiane akanigeukia. "Na wewe, ile nyekundu umeikamua tena kama muntu anavuna maharagi."

Tangu nilimuoa alikuwa anasema vile. Mimi nilitoka Nyabiondo, kwa watu wa maharagi na muhogo. Yeye alizaliwa mu nyumba ya ngombe. Nikamujibu kama siku zote: "Muntu wa maharagi ulimukubali mwenyewe."

Akacheka, akabeba jembe. Jua haijafika katikati, walikuja kuniita. Alikuwa ameikaa chini mu shamba, katikati ya maharagi, na hakusimama tena.

Ku maziko, katekista Symphorien aliuliza nani atasimulia maisha yake. Nikasimama. Nikasema, "Alikuwa bibi yangu," nikaikaa. Haikutosha, najua. Vijana waliozaliwa nyuma ya vita waliona wazee wa Masisi wanavua kofia mbele ya kaburi ya mwanamuke, na hawakujua sababu. Sababu njo hii.

Kaka yake mukubwa alikuwa Makuza. Makuza njo alikuwa na kiti cha kilima chetu mu barza ya shefu Nzabandora. Kila kilima kilikuwa na kiti kimoja. Kule walisema mambo ya njia, ya soko, ya malisho. Jambo ikishaisha kusemwa, wanaleta mutungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, na mulija moja wa kuivutia. Ule mwenye kuvuta amekubali, na hawezi kusema ingine akifika kwake. Kama hata mumoja anarudisha mulija, jambo inalala. Njo sheria ilikuwa. Haikuandikwa, lakini kila muntu aliijua, na shefu aliijua kupita wote.

Mu mwaka 1941 serikali ya Wabeleji, yenye sisi tuliita Bula Matari, iliomba wanaume wa kubebea askari mizigo. Wazungu walikuwa wanapigana na wazungu wengine, Wataliano, mbali kule Abisinia. Barza ikaikaa. Mutungi ukazunguka. Makuza akavuta kama wengine.

Alirudi nyumbani, akafunga nguo zake. Bibi yake Mukagasana akamuuliza anaenda wapi.

"Ku vita."

"Wewe? Wanatafuta vijana."

"Nilikunywa," Makuza akasema. "Siwezi kukunywa, halafu nitume mutoto wa mwingine, mimi nibakie na maziwa."

Wale wengine wa barza walimucheka. Walikuwa wamekunywa kama yeye, na hakuna mumoja alifunga nguo. Akaenda na vijana wa kilima.

Wamoja walirudi, miguu imevimba. Makuza hakurudi. Mbonigaba, mumoja wa wale waliorudi, alisema alimuacha ku mutoni, anakohoa damu, wazungu wanasukuma watu waende mbele. Tukaenda kwa shefu, tumuombe matanga. Nzabandora akakataa. Alisema Bula Matari haijatuma neno ya kifo, kwa hiyo Makuza iko kule, iko muzima. Aliogopa. Kusema watu wamekufa ilikuwa kama kusema vita ni mubaya.

Ikakuwa vile. Mukagasana hakunyoa kichwa. Hatukulia. Nyumba yenye hailii haiwezi pia kuacha kulia. Verdiane alikuwa anapitia pale kila siku, na kila siku anakuta bibi wa kaka yake anaweka chombo cha maziwa cha bwana yake mahali pake.

Mu 1943 Bula Matari ikarudi kuomba. Sasa walitaka vijana wa kukuwa askari, wapelekwe mbali kupita Abisinia, walisema Misri. Muzungu wa serikali mwenyewe alikuja. Tulimwita Bwana Ndevu, hata kama ndevu alizinyoa zamani. Majina yakatoka. Kwa kilima chetu jina ya kwanza ilikuwa Semana.

Lakini kwanza barza ilipashwa kukunywa, na kiti chetu kilikuwa bila muntu. Kayitare akajileta. Yeye alikuwa anauzisha maziwa ku posti ya wazungu na alitaka kiti siku nyingi.

Verdiane akasikia. Akatoka kwake, akaenda moja kwa moja kwa shefu. Mimi nilimufuata nyuma.

"Shefu, Makuza iko muzima?"

"Iko muzima. Nilikwisha kusema."

"Kama iko muzima, kiti ni yake. Kiti ya muntu muzima mwenye iko safari inalindwa na nyumba yake. Ao desturi imegeuka?"

Nzabandora akaangalia ku mulango. Desturi haikugeuka. Mu ile nyumba, watu wa damu walibakia Semana na Verdiane. Semana hakukuwa na bibi, na kijana bila bibi haikai mu barza. Shefu angesema tu Makuza amekufa, Kayitare angeikaa siku ile ile. Lakini Bwana Ndevu alikuwa ku mulango, na ile neno Nzabandora hakuweza kuitamuka mbele yake.

Njo namna bibi yangu aliingia mu barza. Aliweka ku magoti fimbo ya Makuza, yenye kaka yake alikuwa anabeba ku barza. Sisi wengine tulisimama inje ya uzio wa lupango, tunasikiliza.

"Mama Verdiane," Kayitare akamuita kutoka inje, "sombe yako itaungua ku moto."

"Papa Kayitare, ikiungua utaikula. Unakulaka kila kitu ya posti."

Watu wakacheka. Hata shefu.

Wakasema maneno mengi siku ile. Bwana Ndevu alisema mufalme wa Wabeleji iko mu mateso, na mutoto muzuri anasaidia baba yake. Wale wa vilima vingine waliitika. Mutungi ukaja. Kila muntu akavuta. Ukafika kwake. Alipokea mulija kwa mikono mbili, kwa heshima, akaulaza juu ya kinywa cha mutungi. Kisha akasimama, akatoka.

Jambo ikalala.

Kesho yake askari walikuja kunikamata mimi. Walinipeleka kupasua majiwe ku barabara ya Bweremana. Hakuna muntu aliniambia kosa gani. Shefu alituma muntu kwa Verdiane: akunywe tu, bwana yake atarudi.

Alikuja kuniona. Alishuka milima yote ile na maziwa mu kibuyu. Askari alimuacha asimame mbali kidogo. Akanipa maziwa. Aliangalia mikono yangu. Nilijua kitu gani anataka kuniuliza, na yeye alijua ninajua.

"Maharagi iko namna gani?" nikamuuliza.

"Imetoa maua."

"Sawa. Usiache ngombe ziingie."

Alitikisa kichwa kwamba amesikia. Akachukua kibuyu, akapanda. Nilimuangalia mupaka alipotea mu kona, na hakugeuka. Wale wenye tulikuwa nao waliniuliza ule mwanamuke ni wa nani. Nikawaambia ni wangu.

Barza iliitwa mara ya pili. Mimi nilikuwa ku barabara, lakini Mbonigaba alikuwa ku lupango, na Semana pia, na wote wawili walinisimulia vilevile. Bwana Ndevu alikuja na askari. Nzabandora alileta mutungi mukubwa, kasiksi ya ndizi nzuri. Alifikiri watu wakiona askari hawatarudisha kitu. Akaanza na Verdiane, mbele ya wote, ili wamumalize haraka.

"Bwana yako iko ku majiwe," akamwambia. "Kunywa, mama. Wewe peke yako njo umebakia."

Verdiane akashika mulija, akasema. Hakusema kwa nguvu. Alisema maneno kidogo, akarudisha mulija, akaikaa.

Shefu akapeleka mutungi kwa muzee Hakorimana, mwenye kiti cha kilima cha jirani. Siku ya kwanza alikuwa amevuta sana, hata akapangusa midomo. Sasa aliangalia mulija. Akaangalia miguu yake. Alikuwa muntu munene, hakuweza kupanda kwa shamba yake bila kupumzika.

"Tumbo inaniuma leo," akasema.

Mutungi ukapita kwa mwenye kumufuata. Ule naye tumbo. Semana anasema siku ile ugonjwa wa tumbo ulizunguka mu barza mbiyo kupita mutungi wenyewe. Bwana Ndevu aliuliza karani wake kitu gani inapita. Karani alimuelezea, na muzungu akakuwa mwekundu. Lakini angefanya nini? Angewafunga wenye viti wote, nani angemutolea maharagi na ngombe zenye Bula Matari iliomba kila mwezi kwa ajili ya ile vita yao? Alipanda motokari. Walitafuta askari wao kwingine. Kwa vilima vyetu hawakurudia.

Mutungi ulibakia umejaa. Wanamuke wa Ngungu waliubeba, wakaukunywa njiani. Walifika kwao wanaimba.

Mimi niliachiliwa mbele ya mavuno. Nilikuta maharagi mazuri. Ngombe hazikuingia.

Semana alioa. Akazaa. Vita ikaisha. Nyuma yake Nzabandora alikuja mwenyewe mu lupango ya Makuza, kwa miguu, akavua kofia, akasema Makuza alikufa Abisinia. Hakusema zaidi, lakini alikuja mwenyewe. Mukagasana akanyoa kichwa. Tulilia. Siku ya kutoka mu matanga walileta kasiksi, na shefu alimupa Verdiane mulija kwa mukono wake. Akavuta. Kisha alirudisha fimbo ya Makuza juu ya paa, mahali ilikuwa inakaa, na kiti wakapatia mwingine.

Shefu alimuomba aendelee kuja mu barza, hata kwa kusikiliza tu. Verdiane alimwambia iko na siagi ya kutikisa. Lakini nyuma ya pale, miaka yote, jambo kubwa ikifika, mutungi ulikuwa unasimama kidogo mbele ya kuanza kuzunguka, na wenye viti walikuwa wanaangaliana miguu. Hata leo inafanyika. Vijana wanafikiri ni desturi ya mababu. Si ya mababu. Ni ya bibi yangu.

Semana alilia ku kaburi kama mutoto. Nilimuambia aikae chini. Akaikaa.

Maneno yenye Verdiane alisema siku ile mu barza, na mulija mu mukono, Mbonigaba na Semana walinipa bila kupunguza, na Verdiane mwenyewe aliniambia njo hayo: "Makuza alikunywa, akaenda. Mimi nikikunywa leo, ni Semana ataenda. Mwenye kukunywa aende yeye mwenyewe. Kinywa yangu haiwezi kukunywa safari ya miguu ya mwingine."