Baba mkwe wangu alivyopasuliwa jicho Iringa miaka ya sabini (mnaoogopa laser piteni hapa)

Wakuu, mnaonizidi umri shikamooni. Mliobaki marahaba, maana najua hamkuwa na mpango wa kuniamkia.

Juzi kijana mmoja kauliza humu: ukienda kufanyiwa laser ya macho utegemee nini? Majibu mliyompa, jamani! Mmoja anasema jicho linatolewa nje linawekwa kwenye sahani. Acheni kutisha watoto wa watu.

Mjukuu wangu kafanya laser mwaka jana. Kaingia asubuhi, mchana tuko naye kwenye gari, kavaa miwani myeusi, anadai chipsi. Macho yalimwasha kama kamenya vitunguu, akawa anaona ukungu. Kesho yake anasoma mabango ya barabarani kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mimi nawapa ya zamani, ya mtoto wa jicho. Sikusimuliwa. Niliishika kwa mikono hii miwili.

Mimi ni Mhehe, nimeolewa na Mnyakyusa, tulikuwa tunakaa Mbeya, kwa wakwe huko Tukuyu. Mume wangu alifanya kazi kwenye reli ya kwenda Zambia enzi hizo inajengwa. Wanyakyusa mlioko humu tulieni, leo sina ugomvi na mtu.

Sasa wakati ule kwao kulikuwa na jambo moja lilinitoa jasho. Mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani.

Simaanishi hawazoeani. Hawaonani! Mzee akitokea njiani, wewe unaingia kwenye migomba. Hamsalimiani wala hamsemeshani. Kwetu baba mkwe unampigia goti, unasema "kamwene", maisha yanaendelea. Huku nikaambiwa nikikutana naye uso kwa uso ni aibu ya ukoo mzima.

Na mzee mwenyewe alikuwa haoni.

Mtoto wa jicho alishamfunika macho yote mawili. Alikuwa anachuma kahawa mbivu na mbichi pamoja, mpaka wakamkataza shamba. Mtu kalima kahawa Tukuyu maisha yake yote, leo anakalishwa barazani kama mzigo unaosubiri gari. Akaanza kukataa chakula. Alimwambia mume wangu, "Mimi nimeshakufa, nyie mnachelewa tu kunizika."

Mtauliza, kama haoni mlijificha nini? Hata mimi niliuliza. Wifi yangu akanijibu kwamba mwiko hauangalii macho ya mtu.

Kule kwetu Iringa kulikuwa na hospitali ya misheni, na daktari anayetoa mtoto wa jicho. Mama mkwe alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo tukapanga hivi: wifi akae wodini amuuguze baba yake, mimi nipike kwa shangazi yangu, nilete chakula mpaka mlangoni, wifi apokee. Kwenye basi mzee kakaa mbele, mimi nyuma kabisa, kanga hadi puani.

Operesheni yenyewe sasa. Mzee hakulazwa usingizi. Alichomwa sindano pembeni ya jicho, na alisema hiyo ndiyo iliyouma kuliko vyote. Baada ya hapo alisikia vyuma vikigongana, daktari anaongea, na kitu kama mtu anamminya jicho kwa kidole gumba. Maumivu hakuna.

Kijana, hata kwenye laser unakuwa macho, unasikia kila kitu. Mjukuu wangu alisikia hadi harufu kama ya nywele zinaungua. Usishtuke.

Kazi ilikuwa baadaye. Zamani macho yote mawili yanafungwa hata kama limepasuliwa moja. Unalala chali, kichwa kimebanwa na mifuko ya mchanga huku na huku. Usigeuke, usikohoe, usiinuke. Unalishwa kama kichanga. Nesi alisema wazi: akiinuka ghafla kidonda kikafumuka, jicho limekwenda, na hakuna kurudia.

Kesho yake ikaja habari kutoka Mbeya. Mtoto wa wifi ana surua, kazidiwa. Wifi akaondoka analia, hata kuniaga vizuri hakuweza.

Manesi wachache, wodi imejaa. Nilisimama mlangoni na bakuli la uji mpaka ukashika utando.

Nikaingia. Sikusema neno. Nikawa nachota uji nampelekea mdomoni, uso wangu nimeugeuzia ukutani. Kijiko cha kwanza nilimmwagia shingoni. Alipomaliza akasema, "Ndaga." Ndiyo asante yao; asante sana ni "ndaga fijo". Alidhani mimi ni nesi.

Tukaenda hivyo. Anakula, ndaga, naondoka. Nikaanza kujiona mjanja.

Mpaka nesi mmoja, Mungu ambariki na huo mdomo wake, akapita akisema, "Mzee una bahati! Huyu mkwe wako anakulisha kuliko hata binti yako."

Nikaona mikono ya mzee inakamata kingo za kitanda. Shingo ikakaza. Alikuwa anainuka. Hakuwa na hasira, wakuu. Alitaka kunipisha, kama ambavyo tungepishana njiani.

Adabu niliyofundishwa ilikuwa nikimbie. Bakuli likaanguka, nikamshika kichwa. Mikono yote miwili, nikamrudisha kwenye mto, uso wangu juu ya uso wake. Nikamsemesha kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Baba, tulia. Aibu itaisha. Jicho halirudi."

Sikumwachia mpaka nikasikia shingo inalegea. Siku hiyo hakusema ndaga. Nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko la hospitali, nilikuwa naogopa mno.

Mchana nikarudi na ndizi za kuponda, najua atakataa. Akafungua mdomo.

Siku ya kufungua bendeji nilijibanza nje ya dirisha. Kijana, usitegemee maajabu siku ya kwanza. Mzee aliona mwanga, na kitu cheupe, koti la daktari. Akaanza kulia, nesi akamkemea, maana hata kulia kulikatazwa.

Miwani ilikuja baadaye, kioo kinene kama kitako cha chupa ya soda. Bila hiyo miwani ni ukungu mtupu. Akiivaa, kila kitu kikubwa na kiko karibu. Anamimina chai nje ya kikombe. Anainua mguu kuruka ngazi ambayo haipo. Tulicheka mpaka yeye akacheka. Lakini kahawa alizijua tena. Nilimsikia mwenyewe kutoka jikoni, anazishika moja moja, "Hii nyekundu. Hii nyekundu."

Mimi nasubiri kesi yangu. Nimemshika kichwa baba mkwe! Mashangazi wa mume wangu wanaguna kila nikipita.

Basi siku moja nazunguka nyumba na ndoo kichwani, huyu hapa, uso kwa uso. Hakuna hata mgomba wa kuingia.

Mzee akavua miwani.

Akaishika mkononi, kasimama pale haoni kitu, akasema, "Pita, mwanangu."

Ukawa ndio utaratibu wetu. Nikileta chakula, anavua. Nikimwamkia, maana nilianza kumwamkia, anavua. Wazee wenzake walipohoji akawaambia, mwiko unasema nisimwone, na mimi simwoni, mnataka nini tena? Wanangu wamekua wakidhani babu yao anavua miwani kwa sababu inamchosha.

Alipougua ugonjwa wa mwisho nilikuwa namlisha uji vilevile, miwani iko kwenye kimeza. Akauzuia mkono wangu. "Nivalishe."

Nikamvalisha, mikono yangu huku na huku ya kichwa, kama siku ile. Nikageuza uso kwa mazoea, akanikatalia. Akaniangalia weee.

"Kumbe una mwanya," akasema. "Hawakuniambia."

Halafu, "Ndaga fijo."

Nilimpenda yule mzee kama aliyenizaa.

Kwa hiyo kijana, laser ya sasa ni mteremko. Pimwa kwanza, na daktari akisema jicho lako halifai usibishane naye. Weka matone, usifikiche. Ila usiende peke yako. Nenda na mtu ambaye hataona aibu kukushika kichwa siku ukitaka kuinuka.

Na mimi ukungu umeshaanza, wameniambia ni mtoto wa jicho. Naenda karibuni. Naogopa, siwafichi. Mke wa mwanangu ndiye kasema atakaa nami, nimemwambia aje na uji.

Mliofanyiwa siku hizi, hebu semeni: ile sindano bado ipo, au ni matone tu? Semeni ukweli, bibi yenu hapendi surprise.