Nilipanda maua kama viazi vya Makete, nusura niaibike kwenye send-off ya mpwa wangu huku Marekani

Wakuu, habari za majukumu.

Dola 143 na senti 60. Hiyo ndiyo gharama yote ya mambo ninayoyaleta hapa, nimeijumlisha mara mbili na mbolea imo.

Hii si chai. Picha zipo, ila mpwa wangu kanikataza kuzirusha humu kwa sababu kwenye nyingi nimetokea mimi na maua kuliko yeye.

Kwa wasionijua: ni Mkinga wa Makete. Niliuza vitenge Kariakoo miaka tisa kabla sijavuka maji. Sasa naishi Springfield, Virginia, kazi yangu ni ulinzi wa getini kwenye data center kule Sterling, na nina kiuwanja cha nyuma ambacho ukipiga hatua kumi na nne umeshafika kwenye fensi ya jirani.

Twende taratibu.

Mwezi wa kumi, mwaka juzi, duka moja la miche lilikuwa linafunga msimu. Kona ya nyuma kulikuwa na ndoo kumi na saba za udongo, juu vijiti vikavu tu. Kibao kinasema peony, nusu bei.

Peony kwa asiyelijua ni ua kubwa kama kabichi iliyofunguka, linanukia. Likishika ardhi linarudi kila mwaka bila kupandwa upya. Hapo kwenye "bila kupandwa upya" ndipo roho yangu ya biashara ilipoamka.

Nikamwambia dada wa duka, "Hivi vimekufa. Unaniuziaje maiti kwa nusu bei?"

Akasema havijafa, vimelala.

"Basi nitalipa vikiamka."

Akacheka, akamwita meneja. Nikatoka na ndoo zote kwa bei ambayo meneja aliitaja huku anaangalia pembeni.

Watu husema Marekani hakuna kupatana bei. Kupo wakuu, ila lazima bidhaa iwe na sura mbaya.

Nyumbani nikazimwaga ndoo. Mizizi yake minene, ya kahawia, yaani kiazi kabisa. Nikajisemea hapa sifundishwi na mtu. Nimekulia kwenye viazi, na baridi naijua. Makete asubuhi ya mwezi wa saba unakuta majani meupe kwa barafu.

Nikachimba mashimo marefu, nikaifukia. Masika ya huku yalipofika, machipukizi mekundu yakatoka, nikafanya kile ambacho mama alitufundisha shambani: nikayapandishia udongo, tuta kwa tuta. Safi. Nilisimama nikayatazama kama mwenye kampuni.

Mbili zilikufa. Kumi na tano zikatoa majani mazuri ya kung'aa.

Maua sifuri. Nikahesabu tena, sifuri.

Nikajipa moyo kuwa ni mwaka wa kwanza. Na kwa moyo huohuo nikaenda kufanya kosa la pili.

Mpwa wangu Neema, mtoto wa dada yangu Eliza, alikuwa anaolewa mwaka unaofuata. Dada yuko Makete, baba wa binti alishafariki, kwa hiyo huku mjomba ndiye mimi, nasimama upande wa bibi harusi. Kamati ya send-off ikakaa mwezi wa saba. Mnazijua kamati zetu: daftari, soda, na kila mtu anataja mchango wake mbele ya watu.

Ikafika zamu yangu. Nikasema, "Maua yote ya ukumbini ni juu yangu. Yatatoka bustanini kwangu."

Mwenyekiti, Mama Brenda, akaweka kalamu chini. "Mjomba, umesema maua au umesema majani? Maana mimi nimepita kwako juzi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka ili nisionekane nimeumia.

"Andika maua," nikasema. "Meza kumi na mbili, manne manne. Na saba ya bibi harusi."

Hamsini na tano. Akaandika, akapigia mstari chini mara mbili. Dada akaambiwa kwa simu kwamba kaka yake ameahidi, naye akaliambia kanisa zima.

Wiki hiyohiyo jirani yangu Harold, mzee mstaafu ambaye majani ya uwanja wake anayakata kwa rula, akaniuliza kutoka upande wake wa fensi peony zangu zilichanua lini. Nikamwambia bado. Akaomba kuingia. Akapiga goti, akatia kidole kwenye tuta langu, kikazama chote bila kugusa kitu.

"Nani kakwambia uzifukie hivi?"

"Kwetu ndivyo tunavyopanda."

"Mnapanda nini?"

"Viazi."

Harold hakucheka, na hilo ndilo lilinitisha. Akanieleza polepole: mmea huu una macho pale juu ya mzizi, na maua ya mwaka kesho yanaanzia hapo. Macho yanatakiwa yawe chini kwa vidole viwili tu, ili baridi ya winter iyafikie. Bila baridi hayajui kwamba mwaka umeisha. Mimi nilikuwa nimeyafunika blanketi.

Yaani mtu wa Makete nimekimbia baridi kwa niaba ya mmea unaoitaka.

Nikataka kung'oa zote nizipande upya. Akanizuia, eti ukizihamisha zinanuna, unaweza kukosa maua mwaka mzima. Subiri mwezi wa kumi, toa udongo wa juu tu, kwa mkono.

Mwezi wa kumi nikaomba off mbili kazini. Nikapiga magoti kiuwanja kizima, napukutisha udongo kwa vidole hadi nione macho, madogo, ya waridi. Kisha nasawazisha pembeni maji yasituame. Mke wangu, ambaye anahudumia wazee kwenye nursing home na magoti mabovu anayajua, aliniangalia kutoka mlangoni akasema, "Kwenye sala hujawahi kupiga magoti muda huu wote."

Winter ikaja na theluji yake. Sikufunika kitu. Kuna asubuhi niliona huruma, nikashika turubai mkononi, nikalirudisha stoo.

Mwezi wa tano, vitumba. Nikahesabu sitini na kimoja. Mara ya pili hamsini na tisa. Nikachukua hesabu ndogo.

Halafu, wiki mbili kabla ya send-off, joto likapanda ghafla kama Dar. Vitumba sita vikafunguka na kupukutika ndani ya siku tatu. Nilikuwa naona aibu yangu inachanua mapema.

Harold akasema kata zote leo, zile ambazo ukibonyeza kitumba ni laini kama andazi. Zifunge kwenye magazeti, zilaze kwenye friji, bila maji. Nikamuuliza mara mbili, bila maji? Bila maji.

Friji la garage lilikuwa na mbuzi mzima wa send-off.

"Baba Juni, nyama ya watu iende wapi?" mke wangu akauliza.

Mbuzi akahamia kwa Harold. Matofaa nayo nikayatoa, maana eti yanaharakisha maua kuoza. Nikabaki na vitumba hamsini na vitatu, nimevilaza kama watoto wa bweni.

Ijumaa nikavitoa, nikakata vikonyo, nikavitia kwenye maji ya uvuguvugu. Jumamosi asubuhi sebule nzima ilikuwa ya waridi na nyeupe. Mke wangu alikaa kwenye ngazi, akasema tu, "Haya."

Ukumbini College Park, upande wa Maryland, nikapanga mwenyewe. Upungufu ulikuwa maua mawili, na nilijua meza ya kuubeba. Mama Brenda alikaa, akatazama chupa yake, akatazama za jirani.

"Mjomba, hapa mbona mawili?"

"Mwenyekiti, hayo mengine yako ni majani."

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akafungua daftari, akaweka tiki mbele yangu.

Dada Eliza alinyimwa viza mara mbili, kwa hiyo alifuatilia kwa video. Nikamsogezea simu kwenye maua ya Neema. Akauliza ni ya plastiki? Nikamwambia ni ya uwanjani kwangu. Akasogeza uso hadi ukajaa kioo cha simu.

"Wewe uliyekuwa unang'oa viazi vyangu vichanga," akasema. "Nipatie na mimi mzizi mmoja. Niupande mlangoni, niwe namuona mwanangu."

Nililojifunza wakuu: kabla hujafukia kitu, uliza kina chake, hata kama kinafanana na ulichokulia nacho.

Sasa naomba ushauri. Mlioko Makete, Njombe na pande za Kitulo, kuna aliyejaribu peony? Baridi ya huko inadumu wiki za kutosha kuyaamsha macho? Na kibali cha kuingiza mzizi kinaanzia ofisi gani?

Kina cha kupanda msijisumbue. Hicho nitamwambia mwenyewe.