Waya wa Mama Niliokata ili Sebule Ipendeze

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza analiweza. Mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne kilichotundikwa ukutani, nikasema, "Sawa, Ndugu Mwenyekiti, nitauondoa leo hii."

Nilichokubali kuondoa ni waya wa spika ya mama yangu. Mwenyekiti aliagiza kwa mdomo tu. Mkasi niliushika mimi. Jina langu mtaniwia radhi silitaji, maana wajukuu wangu wananiheshimu, na heshima hiyo nimeila kwa miaka mingi bila kustahili.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulitolewa huko bara ya Lindi, kila mtu kwenye mikorosho yake, tukapangwa kandokando ya barabara kama madaftari kwenye rafu. Mimi nikawa Katibu wa kijiji. Msidhani niligombea! Nilikuwa mtu pekee mwenye kalamu iliyoandika.

Kijiji kilikuwa na redio, amplifaya, gramafoni na spika mbili kubwa, vyote vikiendeshwa na betri ya gari. Paa la ofisi lilikuwa likivuja, kwa hiyo mali yote hiyo ikahamishiwa sebuleni kwangu. Watu wakija kusikiliza habari, wanakuja kwangu. Wakiaga, wananiaga mimi. Nikaanza kutembea taratibu, kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Mama yangu aliishi kibanda cha pili, ng'ambo ya ua wangu. Macho yalikuwa yamekwisha na miguu haikumbeba. Aliyemuuma moyo ni kaka yake, Mjomba wangu. Siku ya kuhama, lori letu lilielekea upande mmoja, lori la Mjomba likaelekea Kilwa. Kijiji gani walishushwa, hatukujua. Barua hazikufika, na za kwetu sijui zilikwenda wapi.

Huyu Mjomba si mjomba wa kumtania mkapita. Kwetu Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye mtoto. Yeye ndiye aliyenisomesha. Kila kitabu nilichofungua kilitoka kwenye mgongo wake.

Mama alikuwa na tumaini moja. "Kaka yangu akiwa na jambo," alisema, "redio itasema." Kweli, siku zile watu walitangaziana redioni: fulani mgonjwa, fulani amefariki, habari ziwafikie ndugu zake popote walipo. Matangazo hayo yalisomwa kila siku alasiri, na Mama hakukosa hata siku moja.

Nilikuwa nimemvutia waya. Spika ndogo niliing'oa kwenye redio mbovu, nikaiweka kwenye kidirisha cha ukuta wake. Waya ulitoka dirishani kwangu, ukapita juu ya kamba ya nguo, ukakatiza kwenye banda la kuku, ukaingia kwake kupitia makuti. Ulikuwa umeungwaungwa na kufungwa vipande vya kanga kuukuu. Ulikuwa mbaya! Ungedhani matumbo ya mbuzi yameanikwa.

Kwenye ncha ya kwangu nilifunga kopo lenye kokoto. Sauti ikiwa ndogo, Mama anavuta waya, kopo linalia kwaraa, kwaraa! Nami naongeza sauti. Wageni walicheka, lakini mimi sikuona haya. Hapo nilikuwa bado mtu mzima mwenye akili.

Kisha ikaja habari kwamba mkubwa mmoja kutoka wilayani atatutembelea na atapumzika sebuleni kwangu. Mwenyekiti akaja kukagua. Alisimama katikati ya nyumba, mikono nyuma.

"Ndugu Katibu, hii ni sebule au ni wavu wa samaki?"

"Ni nyaya, Ndugu Mwenyekiti. Huu wa betri, huu wa antena, ule wa spika ya nje..."

"Na ule wenye kopo?"

"Wa Mama."

Akaguna. "Mgeni atauliza. Tutamwambia mali ya kijiji tumemfungia bibi mmoja? Panga nyaya zako vizuri. Na ule wa kopo, utoe."

Nikasema sawa. Mnaona jinsi nilivyokuwa hodari?

Nilifanya kazi siku mbili. Nilichimba mifereji kwenye ukuta wa udongo, nikalaza nyaya humo moja baada ya nyingine, zimenyooka kama mistari ya daftari. Spika kubwa nikaweka pembe hii na pembe ile, amplifaya katikati, juu yake kitambaa cha kufuma. Mke wangu, Mama Hadija, alikuwa akikanda udongo wa kuzibia na chokaa ya kupaka.

"Baba Hadija, na waya wa mama?"

"Utarudishwa mgeni akiondoka."

"Utarudishwa kupitia wapi? Kwenye tundu la pua yako? Si ndiyo umeshaziba?"

Nikamwambia mambo ya umeme hayajui. Nikachukua mkasi wake wa kushonea, nikakata waya wa Mama dirishani kwangu, nikavuta waya uliobaki hadi upande wake, nikaufunga kwenye mti wa paa usining'inie. Nilitaka ua nao upendeze!

Mama akauliza mbona kimya.

"Spika yako imeungua, Mama. Nimeagiza nyingine Lindi."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Alinishukuru, jamani! Kwa uongo ambao hata jasho haukunitoa.

Mgeni alikuja, tumbo mbele, miwani ya jua hadi ndani ya nyumba. Nikaweka santuri. Muziki ukatoka pembe zote mbili kama bendi imekaa chini ya mkeka. Akazunguka, akatafuta waya ukutani, hakuuona. "Ajabu!" akasema. "Redio hii inaendeshwa na siasa peke yake!" Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Akasema sebule yangu ni ya mfano na kwamba atarudi na wageni wengine waje kujifunza.

Maneno hayo yalinilevya kuliko pombe ya mabibo ambayo sijawahi kuigusa. Nikapiga marufuku watoto kuegemea ukuta. Nikaweka mabenchi: la mbele viongozi, la nyuma wengine. Nikapata kijiti cha kuonyeshea amplifaya nikieleza wajinga inavyofanya kazi. Ujamaa ulikuwa nje, ndani kwangu tulikuwa na daraja la kwanza na la pili!

Na waya wa Mama? Wiki ijayo. Kuurudisha ilikuwa lazima nibomoe chokaa, na wageni wa mfano walikuwa njiani. Kila wiki walikuwa njiani. Mpaka leo hawajafika.

Jambo jingine. Matangazo ya alasiri yakianza, wale wa benchi la mbele walikuwa wakinung'unika. "Katibu, tumetoka shambani, unatuwekea misiba?" Zamani ningewaambia Mama anasikiliza. Sasa kopo halikuwepo, hakuna wa kuvuta. Nikawa nafunga redio, naweka santuri. Kila siku saa ile ile, matangazo yakianza, mimi na gramafoni!

Siku moja asubuhi, watu wakiwa wamekusanyika uani kwangu wakingoja kugawiwa zamu za shamba la kijiji, akaingia mzee wa Kingindo, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilimfahamu, alikuwa jirani wa Mjomba tangu zamani. Wangindo ni watani wetu. Na mtani, hasa penye msiba, ana ruhusa ya kusema lolote. Wewe kazi yako ni kucheka, na akizidi sana unamtoza kuku. Kukasirika hakupo.

"Hodi kwa watu wenye masikio ya mapambo!" akapaza sauti.

"Karibu, mtani."

"Nikaribie wapi, nisije nikachafua huo ukuta ambao sifa zake ndizo zilizonielekeza njia hadi hapa? Mjomba wako tumemzika. Tulimzika sisi Wangindo na mbwa wawili. Mbwa ndio walioonyesha uchungu."

Watu wakacheka, kisha wakajishika vinywa.

"Aliugua siku nyingi," akaendelea. "Tulitangaza redioni, dada yake na mpwa wake wafike. Siku mbili ilitangazwa! Kila asubuhi anauliza, hawajafika? Nikamwambia, ngoja, nasikia mpwa wako ana redio kubwa kuliko nyumba, hata akilala ataisikia. Akangoja. Alikufa akiwa amegeukia mlangoni."

Kutoka kibandani sauti ya Mama ikaita, "Nani huyo? Mtani? Njoo useme hapa."

Aliingia. Nilisimama mlangoni kama mwizi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Kaka yangu?" Akamwambia, safari hii bila mzaha. Mama akasema, "Spika yangu iliungua. Mwanangu kaagiza nyingine Lindi."

Yule mzee aliitazama spika. Kisha akaushika waya, akaufuata kwa vidole, kutoka kidirishani, kupita makuti, hadi nje kwenye mti wa paa nilipoufunga. Akaishika ile ncha, akaiinua juu watu wote waione.

"Bibi! Waya huu haukuungua! Umetahiriwa!"

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Akaipeleka ncha mdomoni. "Halo! Halo, Lindi? Leteni spika ya bibi! Nini? Mnasema hamjui habari hiyo?"

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipojizika mwenyewe. Huo ulikuwa utani. Ningecheka, ningesema, "Mngindo mwongo wewe, nitakutoza kuku," mambo yangeishia hapo. Kila mtu angebaki na shaka yake. Mama naye angebaki na spika yake iliyoungua, na mimi ningepata nafasi ya kwenda kupiga magoti mbele yake peke yangu.

Nilikasirika.

Nilimpokonya waya mkononi. "Toka uani kwangu! Unakuja kunidhalilisha mbele ya wananchi? Toka!"

Kicheko kikakatika. Bibi mmoja akaweka mikono kichwani. Tangu tuzaliwe hatukuwahi kuona mtu akimfukuza mtani aliyeleta msiba.

Mzee yule hakubishana. Alinitazama kwa huruma, nayo iliniuma kuliko maneno yake yote. "Mtani," akasema polepole, "umekasirika? Basi ni kweli."

Kibandani, Mama alikuwa amesikia.

"Nilikuwa navuta, baba," akasema. "Kila siku alasiri nilikuwa navuta. Nikasema labda spika imepona, ila mwanangu yupo shambani."

Ndugu msomaji, nimezeeka, nimezika watu, nimeugua magonjwa ya kila jina. Sijasikia sentensi nzito kama ile.

Nikaanza kujieleza: Mwenyekiti, mgeni, wilaya, ukuta. Mama akamgeukia mtani. "Utanipeleka?" Kesho yake akapakiwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, amefungwa kanga asianguke, mtani akiisukuma huku akitembea. Mkononi alishika ile spika ndogo na kile kipande cha waya, amekizungusha vizuri kama uzi wa kufumia. Mama Hadija alimsindikiza hadi mwisho wa kijiji. Aliporudi aliingia jikoni, na kwa siku kadhaa alinipakulia chakula bila kunikaribisha.

Nilikwenda kwenye arobaini ya Mjomba. Kwa kawaida yetu, siku ile ukoo humvika mpwa jina la marehemu, awe yeye sasa mwenye watoto wa ukoo. Mpwa mkubwa nilikuwa mimi. Wazee wakamuuliza Mama, "Jina tumpe nani?" Akamtaja mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye hajui kusoma hata jina hilo lenyewe. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mtani alikuwa ameshawasimulia.

Na sebule ya mfano? Masika ile mchwa waliingia kwenye mifereji niliyochimba, wakafuata nyaya zangu zilizonyooka hadi darini. Ukuta ukaanguka vipande. Redio ikahamishiwa kijiji kingine ambako, nasikia, nyaya zilining'inia kila mahali na kila mtu alisikia.

Juzi mjukuu wangu hapa mjini ameweka runinga kubwa ukutani, na spika zimezunguka chumba. Alikuwa anaficha nyaya ndani ya mabomba ya plastiki, akaniuliza, "Babu, huu unaoenda chumbani kwa bibi niukate? Unaharibu sura." Nilimkemea mpaka akadondosha koleo! Hajui mpaka leo alikosea nini.

Basi nanyi nawaambia. Kabla hujaondoa kitu nyumbani kwako kwa sababu mgeni atakiona kibaya, kwanza uliza nani amekishika upande wa pili. Na ukishakosea, usimfukuze anayekucheka. Cheka naye, kisha nenda ukaombe radhi kabla jua halijazama.

Mimi sikuomba mapema, na nilipoomba nilikuwa nimechelewa. Mjomba aliyenisomesha alikufa akitazama mlango ambao sikuingia. Jina lake lilivaliwa na mwingine. Mama aliishi huko Kilwa miaka minne zaidi. Nilikwenda kumwona kila mwaka, nikamwambia shikamoo, akanijibu marahaba. Hakuwahi kuongeza neno jingine.