Nilivyojifunza lori Kolwezi wakati Wakasai tunafukuzwa, na siku nilipompeleka mama gare

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio barabarani na mliolala.

Juzi humu kijana mmoja kalalamika kwamba mwalimu wake wa driving school ni mkali, anamfokea kwenye klachi, anataka kuacha. Nikacheka. Halafu kicheko kikakata chenyewe, nikasema ngoja niandike. Siongezi chumvi wala sipunguzi. Wa kuamini ataamini.

Mimi ni dereva wa semi, napiga Lubumbashi–Dar miaka mingi sasa, ndiyo maana Kiswahili changu ni mchanyato. Mtanivumilia.

Nimezaliwa Kapata, nje kidogo ya Kolwezi, Katanga, huko Kongo, kwenye zile nyumba za mgodi zilizopangwa mistari. Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi, asili yake mkoa wa Kasai. Alifariki nikiwa shule. Kasai yenyewe mimi nilikuwa sijawahi kuiona, nilikuwa naisikia tu kwenye matanga.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mambo yakaharibika. Mgodi unakufa, mishahara hakuna, na wanasiasa wakawaambia watu kwamba mchawi wao ni Mkasai. Tukaitwa bilulu, yaani wadudu. Majirani tuliokula nao bukari, yaani ugali, sahani moja, wakawa wanatuuliza mlangoni, "Treni yenu iko gare, munangoja nini?" Gare ndiyo stesheni ya treni.

Inauma wakuu. Mpaka leo inauma, nisiwadanganye.

Sasa wakati huohuo mimi nilikuwa nakaribia mtihani wa leseni ya malori makubwa. Mama akaamua. Akaniambia, "Mi na Bibiche tutatangulia. Wewe baki, kamata leseni, kisha utufuate. Kule hatuna shamba wala nyumba. Tutakula mikono yako."

Bibiche ni mdogo wangu, alikuwa bado mtoto.

Kubaki nako si mchezo. Mwalimu wangu, tata Mulongo, yaani mzee Mulongo, alikuwa Mluba wa kaskazini ya Katanga, kwa hiyo yeye hakuguswa. Sisi nasi ni Waluba, ila wa Kasai, majina yao na yetu yanafanana sana. Akanihamishia kwake na kutangaza mtaa mzima kwamba mimi ni mtoto wa dada yake, natoka Manono. Lakini vijana wa barrier, vile vizuizi vya barabarani, wangejua kwamba Mkasai ameshika usukani, wangenishusha. Kuna wenzetu walioshushwa, hatukuwaona tena.

Huyo tata Mulongo, mwacheni. Alikuwa mkali kama pilipili ya Kasenga. Lori lenyewe la zamani, gia haiingii mpaka ukanyage klachi mara mbili, ukikosea linapiga kelele mji mzima unajua. Na alikuwa na sheria moja: hakuna salamu mpaka uvute handbrake. Kolwezi kila mtu anasalimia kila mtu, sasa ukimpungia mtu gari linatembea, unakula spana ya vidole. "Shofere asalimie gari ikiisha kulala!" Shofere ndiyo dereva kwa lugha yetu.

Siku ya mama kuondoka, tata Mulongo akasema tu, "Leo tunajifunza kupanda mulima. Na mulima wetu uko njia ya gare."

Nikaelewa. Nikawasha lori.

Tukapita Kapata mchana kweupe. Mama na Bibiche wakapanda nyuma pamoja na majirani wengine Wakasai, masufuria, magodoro, mabunda. Tulikuwa tumekubaliana mimi nisishuke, tutaagana gare kwenye msongamano, hakuna atakayetuangalia. Mama alipita mbele ya lori bila kuinua macho.

Barrier ilikuwa katikati ya mlima. Mawe, tairi, na vijana wenye marungu na mapanga. Nikapunguza mwendo.

Kijana mmoja mwenye kofia ya mgodi akarukia kwenye ngazi ya mlango wangu. Akamuuliza tata Mulongo, "Huyu ni nani?"

"Mutoto ya dada yangu. Wa Manono. Namufundisha."

Kijana akanitazama. Akatabasamu vizuri kabisa, akasema, "Moyo!"

Wakuu, hiyo ndiyo salamu ya Kasai. Na mtoto wa Kiluba wa Kasai aliyelelewa akalelewa haachi "moyo" ianguke chini, unaitikia "eyo" kabla hujafikiri. Vijana walikuwa wameshalijua hilo. Ndivyo walivyokuwa wakitutambua.

Mdomo wangu ulishafunguka. Naapa ulishafunguka. Ila mkono ukaenda kwenye handbrake kwanza, kwa woga wa spana tu. Hewa ikatoka pssss.

Na kabla sijavuta pumzi, sauti ya mama ikaja kutoka nyuma, kubwa, "Eyo! Moyo, mwanetu!"

Vijana wakacheka. Wakazunguka nyuma. Yule wa kofia alibaki palepale kwenye ngazi, akageuza shingo akamwuliza, "Mama, huyu shofere ni mutoto yako?"

Nikatazama kioo cha pembeni. Niliona nusu ya uso wake na kitambaa cha kichwa.

"Apana, tata," akasema. "Mi sina mutoto huku. Huyu namuona leo."

Bibiche akaanza kulia. Mama akamfunika na kitenge.

Kijana akapiga bati la mlango. "Enda. Na mi nafika gare na nyinyi, nione kama banapanda bote." Akakaa palepale, amening'inia dirishani kwangu.

Klachi, gia ya kwanza, handbrake taratibu. Lori halikurudi nyuma hata kidogo. Kila siku lilikuwa linarudi. Tata Mulongo alikuwa anatazama mbele tu, machozi yanamtoka, hajifuti.

Gare ilijaa watu, wengine walikuwa wamelala pale wiki nzima. Wakashuka. Yule kijana hakunitoka hata hatua. Ile ya kuagana kwenye msongamano ikafa hapo.

Mama akaja mpaka dirishani. Kamshika Bibiche mkono mmoja, bunda kichwani. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu baki, akasema, "Aksanti, shofere. Mungu akulinde mu njia."

Kwetu kila mwanamke mzima anaitwa mama, hata usiyemjua. Kwa hiyo nilikuwa na ruhusa. Nikamwambia, "Safari njema, mama."

Kijana hakushtuka. Mama peke yake ndiye aliyesikia.

Mtihani nilifaulu. Leseni mkononi nikawafuata, safari ya mateso sitaieleza hapa. Bibiche nilimkuta Mwene-Ditu, huko Kasai, kwa watu wa kanisa. Peke yake. Treni ilikuwa inasimama porini siku na siku, maji hakuna, watu wakaharisha. Mama alifia njiani. Walimzika kando ya reli, kwenye kituo kidogo. Bibiche alikuwa na homa, jina la kituo halijui, anakumbuka tanki la maji na miti ya mikaratusi, basi.

Somo langu ni fupi. Wewe kijana wa driving school, rudi kwa mwalimu wako, mwache afoke. Na nyie wenye mama zenu, waiteni mama leo wakiwa wanasikia, mkiwa hamuogopi mtu.

Karibuni mchangie. Ila ombi langu ni kwa wenye asili ya huko, au ambao wazazi wao walipanda treni zile kutoka Kolwezi. Waulizeni. Mama mrefu, kitambaa cha kijani, mtoto wa kike mwenye homa. Kituo chenye tanki la maji.

Niambieni ni kituo gani. Gari ninalo, leseni ninayo, nitakwenda.