Nyanya za Chini ya Tenga

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, na nimechoka kuikumbuka. Nilikuwa kijana wa kupiga ngoma kwenye timu yetu ya Mgeta, huku milimani, mdomo mrefu kuliko akili. Tulishuka na lori la mboga kwenda kucheza Kihonda, kule mjini. Golini alikuwa Shomari, mtoto wa shangazi yangu. Basi mpira laini, wa kudaka hata mimi, ukampita katikati ya miguu. Tukafungwa.

Niliyeanza ni mimi. "Kauza mechi huyu!" Ushahidi sikuwa nao, wallahi. Lakini kwetu timu ikifungwa lazima apatikane aliyehongwa, na wenzangu walidakia upesi. Tukamkatalia kupanda lori. Akabaki barabarani, glavu mkononi.

Asubuhi yake shangazi alinikuta shambani nikipanga nyanya za kupeleka Dar.

"Shikamoo, shangazi."

Alizamisha mkono kwenye tenga mpaka chini, akatoa nyanya iliyooza, akatoa na nyingine. Juu nilikuwa nimezifunika kwa nzuri, kama tulivyofanya karibu kijiji kizima.

"Nani alimwona mwanangu akihongwa?"

"Watu wote wanasema, shangazi."

"Mnasema kwa sababu nyie ndivyo mngefanya."

Akaziweka zile mbovu miguuni pangu, akaondoka. Loh! Nilikosa pa kuuficha uso.

Shomari hakurudi tena milimani. Alipata kibarua kiwandani huko huko Kihonda, akaoa. Huku kwetu hakuna aliyekubali kukaa golini, na mabeki wakawa wanaukimbia mpira, maana atakayekosea ataitwa msaliti. Timu ilicheza vile vile tulivyoishi, kila mtu akimshuku mwenzake. Haikumaliza hata mwaka.

Na mimi? Kila mwaka nilisema nitashuka nikamwombe radhi. Nikangoja tuvune, nikangoja magoti yapone. Juzi nimeshuka kweli, kumzika. Mjane wake alinipokea vizuri, na hilo ndilo limenimaliza. Akaniambia, "Alikuwa akisema iko siku utakuja."

Nimerudi hapa sina hamu hata ya chai, halafu nakusikia kwenye simu ukimtukana kipa wenu, eti kala hela ya watu. Ulimwona? Hukumwona. Ni mdomo wangu ule ule, umehamia kwako.

Sikiliza, mwanangu. Timu hujifunza kwetu sisi tunaoipigia kelele. Mkiwa watu wa kushukiana, hata mlete kocha kutoka wapi, wachezaji watacheza kwa woga. Panga nyanya zako kwa haki, utaacha kuona wizi kwa kila mtu. Na yule kipa usimtumie ujumbe. Nenda kwao, kaa naye, mwambie umekosea. Nenda leo, magoti yako bado mazima.

Mungu akulainishie ulimi, akufikishe salama, na akukutanishe naye angali hai.